Stokingi Tokyo, Beijing na Seoul: zipi za kuvaa, wapi na kwa nini

Dada anayejiandaa kwenda kusoma au kufanya kazi Mashariki ya Mbali huuliza habari za koti, za buti na za mafuta ya nywele. Stokingi huwa hazimo. Akishafika ndipo anapogundua kwamba ofisini, msibani na hata shuleni miguu ya wanawake ina utaratibu wake, na kwamba utaratibu wa Tokyo si wa Beijing, wala wa Beijing si wa Seoul. Kwetu nchi hizo tatu huwekwa kapu moja, na yeyote atokaye upande huo anaitwa Mchina. Kwenye mavazi ya mguu, kapu hilo halifai.

Natoa hukumu yangu mapema. Kwa Japani, nunua stokingi nyembamba zinazokaribia rangi ya mguu wako na uwe na za akiba, kwa sababu huko ni sehemu ya adabu. Kwa China, weka fedha zako kwenye taiti nzito zenye manyoya kwa ndani, kwa sababu huko kinachotangulia ni joto na mengine ni hiari yako. Kwa Korea Kusini, nunua nyeusi nzuri zisizong'aa, kwa sababu huko watu hutazama vazi zima kwa pamoja, na mguu unatakiwa uendane na sketi, kiatu na koti. Ukiwa na bajeti ya aina moja tu kwa nchi zote tatu, chukua nyeusi zisizoonyesha ngozi. Hazitakuaibisha mahali pengi, isipokuwa kwenye usaili wa kazi wa Kijapani na wa Kikorea, na kwenye msiba na karamu ya harusi ya Kijapani.

Zilivyofika huko

Japani ilifunika mguu zamani kabla ya nailoni. Kimono huvaliwa na tabi, soksi za kitambaa zilizotenga kidole gumba, na kampuni ya Fukuske inayouza stokingi leo ilianza mwaka 1882 katika mji wa Sakai ikishona tabi. Gunze, jina jingine kubwa la stokingi, ilianza mwaka 1896 ikizalisha nyuzi za hariri. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia hariri ghafi ya Japani ilivuka Pasifiki kwa wingi kwenda kufumwa stokingi za wanawake wa Marekani, mpaka nailoni ya DuPont, kampuni ya Kimarekani, ilipoingia madukani huko mwezi Mei 1940 na kuipiga biashara hiyo. Baada ya vita Wajapani wakazigeukia nailoni wao wenyewe. Atsugi, kampuni ya stokingi, ilianzishwa mwaka 1947, na ukavuma msemo kwamba vitu viwili vilivyopata nguvu baada ya vita ni wanawake na soksi. Naupenda msemo huo, maana wanawake walikuwa wameanza kuingia maofisini, na stokingi zikaingia nao.

China ilikuwa na fahari yake mapema. Mabango ya matangazo ya Shanghai ya miaka ya 1920 na 1930 yanaonyesha wanawake waliovaa qipao, gauni lenye mpasuo pembeni, na chini yake soksi za hariri nyembamba kama utando. Baada ya Wakomunisti kushika nchi mwaka 1949, na zaidi wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, mapambo ya namna hiyo yalitoweka mitaani. Nailoni zilirudi miaka ya 1980, nyingi zikiwa fupi za kuishia kwenye kifundo au chini ya goti, zikavaliwa na sketi na viatu vya wazi hata kipande cha mguu mtupu kikabaki katikati. Wakati ule ilikuwa dalili ya mwanamke wa kisasa. Leo vijana wa Kichina wanauona mtindo huo kuwa wa kizamani, na dada anayejali hilo asivae stokingi fupi na sketi Beijing wala Shanghai. China pia ndiyo inayozalisha kwa wingi. Datang, mji mdogo ulio chini ya utawala wa jiji la Zhuji katika jimbo la Zhejiang, unaishi kwa soksi, na Yiwu, mji ambao wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Nairobi wanaujua vyema, ni nyumbani kwa Langsha, kampuni ya soksi na stokingi iliyoanzishwa mwaka 1995. Stokingi nyingi zinazouzwa Kariakoo na Eastleigh zimetoka China.

Korea Kusini habari yake inaanzia kwenye sketi. Mwaka 1967 mwimbaji Yoon Bok-hee alihusishwa na kuingia kwa sketi fupi nchini humo, na mwaka 1973, chini ya utawala wa Park Chung-hee, sheria ya makosa madogo ilirekebishwa, polisi wakawasimamisha wasichana barabarani na kupima sketi zao kwa rula. Sketi ilishinda. Siku hizi Seoul sketi fupi haimgeuzi mtu shingo, ilhali blauzi iliyo wazi kifuani inaweza kuwafanya wenzako wa ofisini wainamishe macho. Mgeni asipoijua tofauti hiyo hufunika asipotakiwa kufunika na kuacha wazi panaposumbua watu.

Siku ya usaili na siku za kazi

Hapa Japani ndiyo yenye masharti mengi. Mhitimu wa chuo anayetafuta kazi huvaa suti nyeusi au ya buluu iliyoiva, blauzi nyeupe, viatu vyeusi vyenye kisigino cha sentimita 3 hadi 5, na stokingi za rangi ya ngozi. Stokingi nyeusi kwa usaili hazipendekezwi. Miguu mitupu inahesabika kuwa uzembe, hata Agosti jiji la Tokyo likiwa limejaa fukuto. Ushauri unaotolewa na maduka ya suti na vituo vya ajira vya vyuo ni kubeba pea moja ya akiba kwenye mkoba, kwa kuwa uzi ukiachia na mstari ukapanda mguuni, msaili anaweza kusoma kwamba hujipangi. Ndiyo maana 7-Eleven, Lawson na FamilyMart, maduka yasiyofungwa usiku wala mchana, huweka stokingi karibu na vitu vingine vya dharura. Ukichanikiwa njiani hutembei mbali.

Serikali ya Japani ilianzisha kampeni ya kulegeza mavazi ya ofisini wakati wa joto mwaka 2005. Wanaume walivua tai. Kwa wanawake, swali la stokingi limeachiwa kila kampuni na kila bosi, na mgeni hana pa kulisoma isipokuwa kwenye miguu ya wenzake. Kwa hiyo wiki ya kwanza vaa. Ukiona wakubwa wako wa kike wanakuja na suruali na soksi za kawaida, nawe fuata.

Kelele zimekuwepo. Mwaka 2019 Yumi Ishikawa aliongoza kampeni ya #KuToo ya kupinga kulazimishwa viatu virefu kazini, maelfu ya watu wakatia saini, na waziri wa kazi wa wakati huo akajibu kwamba viatu hivyo viko ndani ya kile jamii inachokubali kuwa cha lazima kwa kazi. Mwaka uliofuata Japan Airlines iliondoa sharti la visigino kwa wahudumu wake. Stokingi hazikuwa kiini cha madai, lakini kiatu kile na stokingi ile huenda pamoja, na sharti la kimoja likilegea, la pili hulegea nyuma yake.

Korea Kusini mwenye usaili naye huvaa nyeusi na nyeupe, na stokingi za rangi ya ngozi au zile ambazo maduka ya Kikorea huziita rangi ya kahawa. Jiji la Seoul tangu mwaka 2016 limekuwa likiwaazima vijana wanaotafuta kazi suti za usaili bila malipo, jambo linaloonyesha jinsi sura ya nje inavyopewa uzito. Ukishapata kazi, hali hulegea haraka kuliko Japani. Nyeusi inakubalika ofisini bila swali. Kitu kisichosameheka ni uchakavu: vishimo, vinyuzi vilivyovimba magotini, rangi iliyopauka.

China inategemea umeingia mlango gani. Benki, hoteli kubwa, mashirika ya ndege na ofisi za itifaki huwafundisha wafanyakazi wa kike kwamba sketi huenda na stokingi ndefu za rangi ya ngozi. Ukitoka hapo ukaingia kampuni ya programu Shenzhen au Hangzhou, utakuta raba, suruali za jinzi na watu wasiojali mguu wa mtu. Sioni sababu ya binti anayekwenda kusoma uhandisi Wuhan kujaza sanduku stokingi nyembamba. Mbili za sherehe zinamtosha.

Msibani, harusini na nyumbani kwa watu

Anayeishi miaka miwili mitatu ugenini hakosi kualikwa msibani au harusini. Japani msibani huvaliwa nyeusi nyembamba, zinazoacha ngozi ionekane kwa mbali, kwa kawaida zisizozidi denia 30 (kipimo cha unene wa uzi, nitakieleza mbele). Taiti nzito huonekana kuwa vazi la matembezi, ingawa mikoa ya baridi kali huwaelewa wazee na wajawazito. Urembo wa maua au wavu haufai. Harusini ni kinyume, stokingi ziwe za rangi ya ngozi, maana nyeusi inakumbusha msiba, na miguu mitupu ni utovu wa adabu hata ukiwa na gauni la bei. Vijana wameanza kuvaa nyeusi nyembamba harusini, lakini mgeni hana sababu ya kuwatangulia.

Msiba wa Korea mara nyingi hufanyika kwenye ukumbi wa maziko ulio ndani ya hospitali. Unavua viatu, unapanda kwenye sakafu, unasujudu mbele ya picha ya marehemu. Miguu mitupu hapo inaudhi, na nyayo zako zitaonekana na kila aliye nyuma yako, kwa hiyo vaa nyeusi nzima isiyo na tundu. Uzito wa kitambaa haumsumbui mtu. Harusi za Korea ni za haraka na wageni wengi huvaa rangi tulivu, epuka nyeupe tu. China sijaona kanuni ya stokingi msibani wala harusini inayofanana na hizi. Mavazi yaliyopoa msibani, yenye furaha harusini, yanatosha.

Desturi ya kuvua viatu mlangoni inazigusa nchi zote tatu, ila kwa Japani na Korea hukukuta hata kwenye migahawa ya kukaa chini na baadhi ya zahanati. Sisi wa pwani tunaijua desturi hiyo barazani na msikitini, na hatuoni haya ya mguu mtupu juu ya mkeka. Huko ni tofauti. Beba jozi ya soksi fupi mkobani kwa siku ulizotoka na viatu vya wazi.

Baridi

Kwa mtu aliyezaliwa Tanga au Mombasa, sehemu hii ina uzito kuliko zote. Januari usiku Beijing hushuka mpaka karibu nyuzi 8 chini ya sifuri, Seoul karibu 6 chini ya sifuri, na Harbin hupita 20 chini ya sifuri. Tokyo hukaa kwenye nyuzi chache juu ya sifuri, kwa hiyo stokingi nyembamba za ofisini zinavumilika ukiwa na koti refu.

Wachina wana imani ya kina kwamba baridi ikiingia mguuni ujanani, uzeeni magoti yatadai. Mama wa Kichina humkumbusha mtoto wake kuvaa suruali ya ndani ya kukinga baridi kwa msisitizo ule ule ambao mama zetu hutumia kutukataza kutoka nje na nywele mbichi. Mabinti wakataka sketi, mama wakataka joto, na viwanda vya Zhejiang vikawapatanisha kwa taiti nene yenye rangi ya ngozi upande wa nje na manyoya ndani, ambayo kwa mbali huonekana kama mguu mtupu au mguu uliovaa nyeusi nyembamba. Wachina wanaiita kwa jina la kuisifu, kama silaha ya kimuujiza ya miguu mitupu, na imesambaa Korea na Japani pia. Kwa maoni yangu hakuna kitu cha bei nafuu kitakachokufaa zaidi kaskazini mwa China.

Ila ununuzi wake una mtego. Japani na Korea hupima unene kwa denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Chini ya 30 ni stokingi, kuanzia hapo na kuendelea huitwa taiti, na 80 haionyeshi ngozi sana. Maduka ya mtandaoni ya China hupima taiti za baridi kwa uzito wa vazi zima, gramu 80, 220, 320 na zaidi, na mara nyingi huandika na nyuzi joto inayofaa. Ukiona 80 China usidhani ni 80 ya Japani. Angalia pia kama mguu umefungwa, umekatwa kifundoni au una mkanda wa kupita chini ya unyayo, maana bidhaa hiyo hiyo huuzwa kwa namna zote.

Kwa dada wanaovaa hijabu, ushauri wangu ni denia 80 au zaidi Japani na Korea, nyeusi, na hapo kifundo kimesitirika chini ya gauni. Huko hakuna atakayeshangaa, kwa sababu wakati wa baridi wengine nao wamevaa hivyo hivyo.

Macho ya wengine

Nisingependa dada aondoke bila kulijua jambo hili. Katika nchi zote tatu stokingi nyeusi nyembamba zimebebeshwa tamaa za wanaume, na wanawake wa huko wamechoshwa nalo. Japani, tarehe 2 Novemba 2020, Atsugi iliadhimisha siku ya taiti kwa kusambaza mtandaoni michoro ya wasichana, wakiwemo wahudumu na waliovaa kama wanafunzi, waliowekwa kimitego. Wateja wao, wanawake wanaovaa taiti ili wapate joto na waende kazini, walikasirika, na kampuni ikaomba radhi. China, nyeusi nyembamba zimekuwa chambo cha watazamaji kwenye matangazo ya moja kwa moja ya mtandaoni, na mwaka 2016 iliripotiwa kwamba watangazaji wamekatazwa kuvaa stokingi na mikanda yake kwa namna ya kuchochea. Korea Kusini, wasichana waliojiunga na vuguvugu la kuvua korseti, yaani kukataa masharti ya urembo wanayowekewa wanawake, mwaka 2018 walitupa vipodozi na kukata nywele, na wengi wakaacha sketi pamoja na stokingi zake. Kabla ya hapo, mwaka 2013, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imependekeza wahudumu wa kike wa Asiana Airlines waruhusiwe suruali, na shirika likakubali.

Shuleni pia. Baadhi ya shule za Japani na Korea zilipanga mpaka rangi ya soksi, ya taiti na ya nguo za ndani. Baraza la jiji la Seoul lilibadili kanuni zake mwaka 2021 ili kuzuia upangaji wa namna hiyo, na bodi ya elimu ya Tokyo ikaondoa masharti kadhaa, likiwemo la rangi ya nguo za ndani, kuanzia Aprili 2022. Mzazi anayehamia huko na binti wa sekondari aombe kanuni za shule kwa maandishi kabla ya kununua chochote.

Kwa hiyo China naona nyeusi nzito ni salama kuliko nyeusi nyembamba kwa siku za kawaida. Japani nyeusi nyembamba ina mahali pake pa heshima, ambapo ni msibani. Korea tofauti hiyo ni ndogo, vaa unayoipenda.

Rangi na kipimo kwa mwili wetu

Unapoambiwa rangi ya ngozi, jua si ya ngozi yako. Wenyeji wameanza kulitambua hilo. Korea, baada ya malalamiko yaliyowasilishwa kwa niaba ya wafanyakazi wa kigeni, Tume ya Haki za Binadamu mwaka 2002 ilipendekeza jina la rangi ya ngozi lifutwe kwenye kalamu za rangi, na mwaka 2005 likawa rangi ya aprikoti. Japani, mwezi Machi 2021 FamilyMart iliondoa madukani nguo za ndani za kike zilizoandikwa jina hilo. Majina yamebadilika, rangi zenyewe bado ni za maji ya kunde kwenda nyeupe. Ukivaa ile rangi ya ngozi ya Kijapani juu ya mguu mweusi unapata kijivu kilichokufa, na hakuna mwenyeji atakayekwambia.

Korea ina nafuu kidogo kwa sababu ile rangi ya kahawa ni ya kawaida na hupatikana hata kwenye maduka ya chini ya ardhi karibu na vituo vya treni. Kwa mweupe wa kwetu inakaa vizuri, kwa mweusi zaidi bado ni hafifu. Kwa usaili wa Japani njia ya uhakika ni kwenda nazo kutoka nyumbani, rangi ya mguu wako hasa, denia 15 hadi 20, pea sita. Sharti la Wajapani ni mguu uonekane nadhifu na umefunikwa, na kahawia iliyokolea juu ya mguu wa kahawia inalitimiza.

Kipimo ndicho kinachowashinda wengi. Pakiti ya Kijapani yenye alama M–L ni ya mwanamke mwenye kimo cha sentimita 150 hadi 165 na nyonga sentimita 85 hadi 98. L–LL ni kimo 155 hadi 170 na nyonga 90 hadi 103. Mwenye nyonga za sentimita 110 atavuta mpaka uzi uachie kabla hajatoka mlangoni, na pea ya dukani usiku wa dharura haitamfaa. China kuna maduka mengi ya mtandaoni ya maumbo makubwa, nayo huandika uzito wa mwili kwa jin, ambayo ni nusu kilo, hivyo mwenye kilo 80 atafute 160. Pima nyonga zako kwa futi ya fundi cherehani kabla ya kuagiza, uandike na kimo, kisha uagize pea moja ya kujaribu ndipo uongeze.